UPEPO MCHACHE KATIKA GARI
Maneno yaliyosemwa mbele ya makanika na madereva wa tawi letu

(Wanachama wengi walikuwa zamu siku ya mkutano, kwa hivyo maneno haya yamepigwa chapa hapa kama yalivyosemwa.)



Katika mkutano uliopita madereva wa malori walituomba tuseme juu ya jambo ambalo wenye magari huliona dogo sana. Jambo lenyewe ni upepo. Hatusemi upepo wa magurudumu, bali ule utokao katika matundu ya dashibodi, wa moto au wa baridi. Madereva walisema wakifungua feni mpaka mwisho, upepo utokao hauwezi hata kuzima kiberiti. Makanika nao wakasimama wakasema kuwa jambo hilihili linawaletea matata ya mshahara. Basi leo twazungumza na pande zote mbili, maana ugonjwa ni mmoja.

Kwanza tuseme kwa nini si jambo dogo. Dereva anayepanda Timboroa usiku, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, nje kuna baridi na mvua, na ndani mna pumzi yake na ya turniboi wake na koti zilizolowa. Kioo cha mbele hujaa ukungu upande wa ndani. Waipa haina kazi hapo, maana waipa inapangusa nje. Kitu kilichowekwa na watengenezaji ili kuondoa ukungu huo ni upepo wa feni, basi. Ukiwa mchache, dereva hushika usukani kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono mwingine, akichungulia kwa kitundu kama sahani. Hapo Limuru na Kinungi mwezi wa Julai ni vivyo hivyo. Mwajiri asemaye kuwa hita ni anasa ya watu wa magari madogo, huyo hajaendesha lori usiku wa Julai.

Sasa twende kwenye gari lenyewe. Yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. La kwanza ni upepo kuwa mchache. La pili ni upepo kuwa mwingi lakini si baridi, au si moto. Hayo ni magonjwa mawili mbalimbali, yenye dawa mbalimbali. Gesi ya mashine ya baridi haisukumi upepo. Kazi yake ni kupoza redieta ndogo iliyo ndani ya dashibodi, na upepo unasukumwa na feni. Kwa hivyo mtu akija na gari lisilotoa upepo akaambiwa gesi imeisha, ameibiwa hata kama makanika mwenyewe hakujua kuwa anaiba. Atalipa, ataondoka, na baada ya wiki moja atarudi na maneno makali. Kuna hali moja tu ambapo gesi huhusika na uchache wa upepo, nasi tutaifikia.

Fuateni njia ya upepo kwa akili kabla ya kushika bisibisi. Upepo wa nje huingia chini ya kioo cha mbele, pale penye wavu wa plastiki karibu na waipa. Hupita kwenye kilango ambacho huchagua kati ya hewa ya nje na hewa ya ndani. Kisha, katika magari mengi, hupita kwenye filta, ukaingia katika feni. Feni huusukuma kupitia redieta ndogo ya baridi, halafu redieta ndogo ya moto, halafu vilango vingine ambavyo huupeleka usoni, miguuni, au kwenye kioo. Mahali popote katika njia hiyo pakizibwa au pakivuja, matokeo ni yaleyale: upepo mchache kwenye tundu. Ndiyo maana mtu anayeanza kwa kununua spea anacheza kamari kwa pesa za mwingine.

Anzeni kwa masikio. Fungueni feni mpaka kasi ya mwisho, injini ikizunguka. Kama feni inavuma kwa nguvu lakini upepo ni mchache, njia imezibwa mahali, au mfereji umechomoka. Kama feni yenyewe inanong'ona, basi tafuteni katika umeme na mota. Maneno haya mawili yatawaokoa saa nzima ya kazi, na hayagharimu hata senti.

Halafu tumieni mkono. Wekeni mkono kwenye matundu yote, ya uso, ya miguu na ya kioo. Kama usoni hakuna kitu lakini miguuni unatoka kwa wingi, feni ni nzima na filta ni nzima. Kilango ndicho kilichokwama. Katika magari ya zamani kilango huvutwa kwa kebo, na kebo huchomoka kwenye klipu yake. Katika magari ya siku hizi kuna mota ndogo yenye meno ya plastiki, na meno yakivunjika utasikia tik-tik-tik nyuma ya dashibodi. Baadhi ya magari ya zamani ya Marekani na ya Ulaya hutumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, na dalili yake ni ya ajabu: gari likipanda mlima upepo unaacha uso na kwenda kwenye kioo, likifika tambarare unarudi. Hapo tafuta kamba ya mpira iliyopasuka.

Baada ya mkono, bonyezeni kile kitufe cha kuchagua hewa ya ndani. Kama upepo ulikuwa mchache kwa hewa ya nje, na mara unakuwa mwingi kwa hewa ya ndani, basi mlango wa nje umezibwa. Fungueni boneti mtazame chini ya wavu ule. Hapa Nairobi, mwezi wa Oktoba na Novemba maua ya jakaranda huanguka na kujaa humo mpaka yanakuwa kama uji. Toeni kwa mkono, msimwage maji ya kuyasukuma ndani. Tena tazameni matundu ya kutolea maji ya mvua, maana yakizibwa maji huingia katika feni, mota hushika kutu, na kapeti ya upande wa abiria hulowa. Makanika wengi hukausha kapeti na kulipisha kazi hiyo, wakaacha maua palepale.

Kama upepo ni mchache kwa hewa ya nje na ya ndani pia, na feni inavuma, shukuni filta kwanza. Mara nyingi hukaa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Ichomoeni, kisha washeni feni bila filta kwa nusu dakika. Upepo ukirudi, kesi imekwisha. Watengenezaji wengi husema filta ibadilishwe kila kilomita 15,000 mpaka 20,000 au kila mwaka, lakini wao wanafikiri juu ya barabara za lami. Gari linalopita vumbi jekundu la Tsavo au murram ya Kajiado litahitaji kutazamwa mapema zaidi sana. Wengine huipiga filta ya karatasi kwa hewa ya kompresa na kuirudisha. Hewa ile hutoboa karatasi, na vumbi lililotoka huingia katika mapafu ya aliyeshika bomba. Kama hapana budi, igongeni polepole nje, upande wa upepo, na mdomo umefunikwa, mkijua kuwa hiyo ni ya kufikisha gari nyumbani tu.

Tuliulizwa kama si heri kuitoa filta na kuitupa kabisa. Magari mengine yaliyotoka Japani yalikuja na nafasi ya filta lakini bila filta yenyewe, na watu huona yanavuma vizuri. Yanavuma vizuri kwa mwaka mmoja au miwili. Vumbi ambalo filta ingelishika huenda kukaa katika mapezi ya redieta ndogo ya baridi, ambayo ina unyevu wakati wote, likawa matope, likawa kitu kama feliti. Filta hubadilishwa kwa dakika tano. Redieta ile haifikiwi katika magari mengi mpaka dashibodi nzima imetolewa na gesi imevutwa. Hesabu ni yenu.

Feni pia yafaa itazamwe. Ni ya mviringo, yenye mapezi mengi membamba kuzunguka ukingo wake. Mapezi yakijaa vumbi hayashiki hewa, ingawa mota inazunguka kwa nguvu zote. Ioshwe kwa brashi ya meno baada ya kuitoa, na ikaushwe. Gari lililosimama miezi mingi hutoa mambo mengine: panya hupenda mahali pale, nasi tumeona kiota cha nyasi na vipande vya godoro kikitolewa ndani ya feni. Ndugu, kiota cha panya kisifagiliwe kikiwa kikavu, wala kisipulizwe. Kilowesheni kwa dawa ya kuulia vijidudu, vaeni glavu, mfunike pua. Mkojo wa panya huleta magonjwa, na mwajiri apaswa kutoa glavu hizo, si wewe.

Sasa ile hali moja ya gesi. Dereva husema hivi: nikitoka Nairobi upepo ni mwingi na wa baridi, nikifika Kibwezi unapungua mpaka unakwisha, nikizima mashine ya baridi robo saa, unarudi, na maji mengi yanamwagika chini ya gari. Hapo hakuna kilichozibwa kwa vumbi. Ni barafu. Redieta ndogo imeshuka chini ya nyuzi 0, unyevu wa hewa umeganda juu yake, na upepo hauna pa kupita. Huenda kidude kinachopima ubaridi na kuamuru kompresa ipumzike hakifanyi kazi, au gesi imepungua, maana gesi ikipungua shinikizo hushuka na sehemu ya redieta huwa baridi kupita kiasi. Hata filta iliyoziba husaidia kuleta barafu, kwa kuwa hewa ya joto haifiki ya kutosha. Kwa hivyo hata hapa filta hutazamwa kabla ya gesi. Na gesi ikivutwa, ivutwe kwa mashine na kuwekwa katika chupa, isifunguliwe hewani. Gesi ya R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikigusa jicho inaligandisha, na ikijaa katika shimo la gereji hufukuza hewa ya kupumua. Tena inaongeza joto la dunia mara zaidi ya elfu moja kuliko moshi wa kaboni wa uzito uleule.

Tufike kwenye umeme, maana ndipo mshahara wa watu unapopotea.

Katika magari mengi yasiyo na mambo ya elektroniki, kasi za chini za feni hupatikana kwa rezista. Kasi ya mwisho haipiti humo. Kwa hivyo feni ikifanya kazi kwenye kasi ya mwisho tu na kasi nyingine zote zimekufa, rezista imeungua. Jambo hilo kila mwanafunzi wa gereji analijua. Lakini mwanafunzi haulizi ni kwa nini imeungua. Rezista imewekwa makusudi ndani ya njia ya upepo ili upepo uipoze. Filta ikiziba, upepo hakuna, rezista inapikwa. Au mota ya feni imezeeka, inazunguka kwa shida, inavuta ampea nyingi kupita kiasi, rezista inaungua na plagi yake inayeyuka. Ukiweka rezista mpya bila kutazama hayo mawili, umeweka nyama mpya juu ya moto uleule.

Mwanachama mmoja wa tawi hili alifanya kazi katika gereji ambayo hatutaitaja. Aliambiwa na msimamizi abadilishe rezista ya gari la mteja, na asipoteze wakati kwa jambo jingine. Akabadilisha. Baada ya wiki tatu gari likarudi, rezista imeungua. Msimamizi akasema kazi ilifanywa vibaya, na bei ya rezista zote mbili ikakatwa katika mshahara wa kijana, pamoja na saa za kazi. Kijana akaja kwetu. Tulimwuliza: Uliandika nini katika karatasi ya kazi? Alikuwa ameandika, kwa mkono wake, siku ile ya kwanza, kwamba filta imejaa na feni inavuta ampea nyingi, akaomba ruhusa ya kuvibadilisha. Chini yake msimamizi ameandika "hapana". Tulipeleka karatasi hiyo kwa mwenye gereji. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi ameiharibu kwa makusudi. Mtu aliyeomba ruhusa ya kutengeneza akanyimwa hakuharibu kwa makusudi. Pesa zilirudishwa mwisho wa mwezi. Kama karatasi ile ingekuwa tupu, tungeenda pale na maneno matupu.

Basi makanika, pimeni na andikeni. Wekeni mita kwenye plagi ya feni, feni ikiwa kasi ya mwisho na injini ikizunguka. Betri hapo yapasa kuwa na volti 13.5 mpaka 14.5 hivi, na feni ipate karibu kiasi hicho. Ikipata 10, volti nyingine zimepotelea njiani, katika swichi, rilei, plagi iliyoungua au waya wa bodi. Upande wa hasi pia upimwe, ncha moja kwenye feni na ncha nyingine kwenye chuma safi cha bodi; ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna kutu au bolti iliyolegea. Pimeni hayo kwa kasi ya mwisho tu, maana magari mengi ya Kijapani huweka rezista upande wa hasi, na kwa kasi ya chini mita itawadanganya. Feni ikipata volti zote na bado inanong'ona, mota yenyewe imechoka. Na fyuzi ikiungua, msiweke kubwa zaidi. Fyuzi ya 40 mahali pa 30 haiponyi mota, bali huhamisha moto kutoka kwenye fyuzi mpaka kwenye waya zilizo nyuma ya dashibodi.

Magari mapya yenye kidude cha elektroniki mahali pa rezista hayataki kupimwa kwa taa ya balbu. Tumieni mita.

Usalama wenu ni huu. Chomoeni plagi ya feni kabla ya kutia vidole, maana feni nyingine huanza zenyewe swichi ikifunguliwa. Rezista iliyotoka kufanya kazi inaunguza ngozi. Kabla ya kutoa vitu vikubwa vya dashibodi, ondoeni waya wa betri na msubiri dakika kadhaa, kwa sababu mfuko wa hewa wa abiria uko palepale, na plagi zake, ambazo mara nyingi ni za manjano, si za kuguswa na mita. Na kioo kikifanya ukungu wenye mafuta na harufu tamu, redieta ndogo ya moto inavuja maji ya injini. Hilo ni tengenezo jingine kabisa, na dereva asipande mlima nalo.

Kwa madereva tuna neno fupi. Msiandike katika kitabu cha gari "A.C. mbaya". Makanika hawezi kufanya kazi kwa neno hilo, na mwajiri atalisoma kama ombi la raha. Andikeni: upepo wa kwenye kioo ni mchache kwa kasi zote, kioo kinafunga ukungu, siwezi kuona barabara usiku. Tieni tarehe, wekeni nakala. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kwa msimamizi wake, na mwajiri hawezi kusema hakuambiwa wakati karatasi ipo. Wakati mnangoja tengenezo, washeni mashine ya baridi pamoja na hita, upepo uelekezwe kwenye kioo, na hewa iwe ya nje. Mashine ya baridi hukausha hewa hata mkiona baridi ni nyingi. Hewa ya ndani huzungusha pumzi zenu zilezile na kuongeza ukungu. Fungueni dirisha kidole kimoja. Kama bado hamwoni, egesheni pembeni kabisa mwa barabara, wekeni pembetatu, mpige simu kazini.

Karatasi za kazi zenye nafasi ya kuandika volti za betri, volti za feni, hali ya filta na neno la msimamizi zimepigwa chapa, na zapatikana kwa mjumbe wenu kila gereji. Kila mmoja achukue kumi. Jumamosi ijayo saa nane tutakuwa na gari moja uani ambalo upepo wake ni mchache, na hatutawaambia kwa sababu gani. Mwenye mita aje nayo.